Kikohozi cha Vumbi la Popo

Wasomaji wetu wa Mbaha, na wenzao wote wakaao ufukoni mwa Ziwa Nyasa hata milimani Umatengo, hawana haja ya kufundishwa popo ni nini. Jioni hutoka makundi makundi darini mwa madarasa na makanisa ya zamani, na asubuhi mwalimu huyaona mavi yao meusi yametapakaa chini. Huwaita watoto, huwapa mifagio, nao hufagia mpaka chumba chote kimejaa vumbi. Habari za vumbi hilo ndizo tutakazozieleza mwezi huu, kwa maana laweza kuleta maradhi ya mapafu yaliyofanana mno na kifua kikuu, hata mabingwa wamedanganyika nayo.

Maradhi hayo huitwa histoplazimosi. Asili yake ni kuvu, jamaa ya ule ukungu uotao juu ya mkate uliokaa siku nyingi. Kuvu hiyo huota katika udongo uliochanganyika na mavi ya popo au ya ndege, nayo hutoa mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho. Wakati wa kiangazi udongo ukikauka, mbegu hupeperuka pamoja na vumbi. Mtu akizivuta zaingia ndani kabisa ya mapafu, na kwa joto la mwili hugeuka umbo, zikawa kama chachu, zikazaana. Lakini mgonjwa hamwambukizi mtu kwa kikohozi chake, wala si haki kumtengea kikombe na sahani.

Aliyeyaona kwanza ni daktari Samuel Darling, huko Panama, mwaka 1905, siku za kuchimba mfereji. Alipasua maiti, akaona mapafu yamejaa vipele kama vya kifua kikuu. Alipotazama kwa darubini akakuta viini vya namna nyingine. Katika nchi yetu, mwaka 1960, wataalamu walitangaza kwamba kuvu hiyo imepatikana katika mapango ya Amboni karibu na Tanga, yenye popo wengi. Tena mwaka 2012 ilichapishwa habari ya uchunguzi uliofanywa Moshi, nao ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa waliolazwa kwa homa walikuwamo wenye histoplazimosi. Kwa hiyo si maradhi ya ng'ambo tu. (Kuna kuvu nyingine ya mapafu ikaayo katika udongo wa nchi kavu za Marekani, kama Arizona na California, lakini hiyo makao yake si Afrika.)

Haya, tufikiri habari za kijana aliyeajiriwa kusafisha dari. Baada ya siku tatu, au juma moja, au mawili, anashikwa na homa, kichwa, uchovu, kikohozi na maumivu ya kifua. Aliyevuta vumbi kidogo, na mwili wake una nguvu, mara nyingi hupona bila dawa yo yote. Lakini wako ambao kikohozi hukaa miezi, mwili ukakonda, na usiku jasho likawatoka. Hasa wale ambao mapafu yao yalikwisha kuharibika zamani. Na kwa mwenye virusi vya UKIMWI asiyepata dawa zake, kuvu hutoka mapafuni ikaenea katika ini, bandama na mifupa, nayo huweza kumwua.

Hapo ndipo penye hatari. Kijana hupimwa makohozi, kiini cha kifua kikuu hakionekani. Hata hivyo hupewa dawa za kifua kikuu, maana dalili ni zile zile. Miezi sita yapita, hapati nafuu. Watu wa nyumbani waanza kunong'ona kwamba alizitupa dawa, au kwamba amelogwa na jirani. Maneno hayo yamevunja jamaa nyingi, na kumbe pengine hakuna aliyemwuliza kazi yake ilikuwa nini.

Basi mgonjwa aendapo Liuli, Litembo au Peramiho, na amwambie daktari mwenyewe, asingoje kuulizwa: nilifagia mavi ya popo, au niliingia pangoni, na siku zake ni hizi. Neno hilo dogo laweza kumwonyesha daktari njia. Kipimo kizuri hutumia mkojo, ingawa hakipatikani kila mahali. Tena makohozi au kipande cha nyama ya mwili huweza kutazamwa kwa darubini, au kuoteshwa, ila kuotesha huchukua majuma kadhaa. Dawa ni itrakonazoli, nayo huweza kutumiwa miezi mingi, hata mwaka mzima au zaidi kwa yule ambaye mapafu yake yamefanya matundu. Aliyezidiwa sana huanzishwa kwa amfoterisini B, ya kutiwa katika mshipa. Daktari hana budi kujua dawa nyingine zote anywazo mgonjwa, kwa kuwa rifampisini ya kifua kikuu huipunguza sana nguvu itrakonazoli.

Tusieleweke vibaya. Kikohozi kinachopita majuma mawili kwetu bado yapasa kipimwe kwanza kifua kikuu, na aliyeanza dawa hizo asiziache kwa sababu ya kusoma ukurasa huu. Aliye na mashaka arudi kwa daktari.

Na darasani je? Watoto wasipewe kazi hiyo kabisa. Mtu mzima ayanyunyizie mavi maji mengi kwanza hata yalowe, kisha ayakusanye kwa koleo, ayatie mfukoni na kuyafukia. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mbegu ndogo kama hizi. Yatakiwa barakoa ya kazi, ile ibanayo uso vizuri. Popo wenyewe wasiuawe, kwa kuwa wengi wao hula wadudu warukao usiku. Matundu ya paa yazibwe jioni wakiisha kutoka, lakini si wakati wa makinda. Yangojewe mpaka yaweze kuruka, yasije yakafungiwa ndani na kuoza darini.