Howard Temin na Njia ya Kinyume

Kila mwanafunzi wa elimu ya viumbe hufundishwa kwamba maagizo ya urithi yamehifadhiwa katika DNA; kwamba maagizo hayo hunukuliwa katika RNA; na kwamba kwa kuifuata nakala hiyo seli huunda protini. Katika miaka ya 1960 wataalamu wengi waliamini kuwa safari hiyo huelekea upande mmoja tu, kama vile maji ya mto yasivyopanda mlima. Aliyethubutu kusema kwamba wakati mwingine maji hayo hupanda ni Howard Temin, Mmarekani aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1934.

Chanzo cha habari hii ni kuku. Mnamo mwaka 1911 Peyton Rous alieleza kwamba saratani ya kuku mmoja iliweza kuambukizwa kuku mwingine kwa majimaji yaliyochujwa hata yasibaki na seli wala bakteria. Kilichopenya chujio kilikuwa virusi, ambavyo baadaye vilionekana kubeba RNA, wala si DNA. Temin alianza kuvichunguza akiwa mwanafunzi katika Taasisi ya Teknolojia ya California. Mwaka 1958 yeye na Harry Rubin walieleza njia ya kuvihesabu: seli za kuku zilikuzwa katika sahani za maabara, na mahali virusi vilipoingia palizuka fungu dogo la seli zilizobadilika umbo.

Jambo moja lilimshangaza. Seli iliyobadilika ilipogawanyika, uzao wake wote ulirithi badiliko hilo. Je, RNA ingewezaje kurithiwa kama jeni? Tena, dawa iitwayo aktinomaisini D, ambayo huzuia DNA isinukuliwe katika RNA, ilizuia virusi hivi visizaliane, ilhali virusi vingi vya RNA huendelea kuzaliana hata dawa hiyo ikiwapo. Mwaka 1964, akiwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Temin alitoa nadharia tete: RNA ya virusi hunukuliwa kwanza katika DNA, na DNA hiyo hujipachika katika urithi wa seli.

Wengi hawakukubali. Tusiwadharau, kwani dawa huweza kuwa na athari nyingine ndani ya seli, na hapakuwa na kimeng'enya chochote kilichojulikana kufanya kazi hiyo. Kwa miaka sita Temin alishikilia wazo lililoungwa mkono na wachache.

Hatimaye yeye na Satoshi Mizutani walikitafuta kimeng'enya hicho ndani ya virusi vyenyewe. Walifungua ganda la virusi kwa dawa iyeyushayo mafuta, wakaongeza viungo vya kujengea DNA vilivyotiwa alama ya mnururisho, kisha wakapima. DNA iliundwa! Walipoiharibu RNA mapema, uundaji ulipungua sana. Wakati huohuo David Baltimore, akifanya kazi peke yake na virusi vya panya, alipata jibu hilohilo. Taarifa zote mbili zilichapishwa pamoja katika jarida la Nature, Juni 1970. Mwaka 1975 wawili hao, pamoja na Renato Dulbecco aliyekuwa mwalimu wa Temin, walipewa Tuzo ya Nobel. Huko Stockholm Temin alitumia nafasi yake kuwaonya watu juu ya sigara. Yeye mwenyewe hakuvuta. Hata hivyo saratani ya mapafu ilimwua mwaka 1994.

Je, ugunduzi huu unatuhusu nini sisi? Mwaka 1983 wataalamu wa Taasisi ya Pasteur ya Paris waliokuwa wakichunguza maradhi mapya walikitambua kimeng'enya kilekile katika seli za mgonjwa. Hiyo ikawa dalili ya virusi tunavyoviita leo VVU. Kwa kuwa kimeng'enya kilikuwa kimekwisha kujulikana, watafiti walijua mahali pa kupiga. Dawa ya AZT, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, hukizuia. Ndivyo zifanyavyo tenofoviri na lamivudini, ambazo hutumiwa kila siku na watu wengi wa Tanzania na Kenya.

Kabla ya kufunga ukurasa huu, mwanafunzi na ajiulize: kama DNA ingeendelea kuundwa vilevile hata baada ya RNA kuharibiwa, nadharia ya Temin ingesimama wapi?