Chapati Nairobi, muhogo Leicester

Ukipita Belgrave Road, mtaa wa maduka ya sari na dhahabu mjini Leicester, Uingereza, utaukuta muhogo kwenye menyu za hoteli za Wahindi. Unachemshwa, unakaangwa hadi ukauke nje, kisha unanyunyiziwa pilipili na ndimu, vilevile kama wa ufukweni Mombasa. Wenyewe wanauita mogo. Mazoea hayo hawakuyatoa kwa mababu zao Gujarat, India, waliyatoa Kampala, Jinja, Kisumu na Dar es Salaam.

Sisi wa Afrika Mashariki nasi tulibaki na chapati yao. Ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa hadi ziwani Kisumu, kati ya 1896 na 1901, ulileta vibarua karibu 32,000 kutoka India. Wapatao 2,500 walifia kazini, na wengine karibu 6,700 walibaki huku. Wafanyabiashara wa Kigujarati, ambao wenzao walikuwa Unguja na Mombasa tangu zamani, wakaifuata reli na kufungua maduka bara.

Lakini chapati tuliyonayo si ile yao ya kila siku. Ya kila siku nyumbani kwa Mhindi ni ya atta, unga usiokobolewa; inasukumwa nyembamba, inageuzwa kwenye chuma kikavu hadi ifure, kisha inapakwa samli kidogo. Yetu ina tabaka, iko karibu zaidi na paratha yao, inayokaangwa kwa mafuta. Unga ni mweupe; tunasukuma, tunapaka mafuta, tunaviringisha kama konokono, tunasukuma tena, na kwenye kikaango kila upande unaongezewa mafuta yake. Kwa familia nyingi kilikuwa chakula cha Krismasi, Idi na harusi. Siku hizi ni cha kila siku: chapati na maharage kibandani Nairobi, rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, kando ya barabara Kampala. Naipenda mno, na sitamwambia mtu aiache. Ila chakula cha sikukuu kikigeuka cha kila siku, kwa mtu anayeshinda amekaa kitini, kisukari na presha huwa karibu. Hapo asilaumiwe mgeni, maana kuifanya ya kila siku tumefanya wenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu kumlaumu mgeni kwa maradhi ni tabia kongwe. Mwaka 1902 daktari Mgoa, Rosendo Ayres Ribeiro, aliyekuwa akiwazungukia wagonjwa wake Nairobi akiwa amempanda pundamilia, aligundua kuwa tauni imeingia mjini. Bazaar ya Wahindi ikateketezwa. Watu walikuwa wamesongamana pale bila mitaro ya maana, panya wamejaa, na serikali iliyowaacha waishi hivyo ndiyo iliyowasha moto. Aliyeutambua ugonjwa alikuwa mhamiaji pia.

Miaka sabini baadaye, Agosti 1972, rais wa Uganda Idi Amin aliwapa Waasia wa nchi hiyo siku 90 wawe wameondoka. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasije kwao. Walikuja hata hivyo, na leo Diwali ya Belgrave Road ni miongoni mwa sherehe kubwa kabisa za aina hiyo nje ya India.

Kwa upande wa afya, mwanzo ulikuwa mbaya. Watoto wa Kiasia nchini Uingereza walionekana na matege kwa kukosa vitamini D, na lawama zikaangukia chapati na mavazi ya mama zao. Matege ya watoto wa Kiingereza yalikuwa yamepunguzwa kwa kutia vitamini kwenye majarini ya kila mtu, bila kumkaripia mama yeyote. Lilipotolewa wazo la kutia vitamini hiyo kwenye unga wa chapati, serikali ililikataa. Mimi naona huo ulikuwa ubaguzi.

Baadaye mwenyeji alijifunza. Madaktari waliona kwamba watu wenye asili ya Asia Kusini hupata kisukari cha aina ya pili wakiwa bado wembamba kwa vipimo vya Wazungu. Mwaka 2013 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, ilishauri kwamba kwao tahadhari ianze kipimo cha uzito kwa urefu (BMI) kikifika 23, si 25 kama ilivyozoeleka. Mtoto wa dukawala wa Jinja akiingia kliniki Leicester, mizani inasomwa kwa kumzingatia yeye.

Huku kwetu ningependa ushauri wa lishe uanzie jikoni vivyo hivyo. Muuguzi wa Nairobi au Mwanza anapozungumza na mwenye kisukari, amuulize chapati zake zinapikwaje, ndipo washauriane: nusu ya unga iwe atta, mafuta ya kupaka tu, maharage na mboga zijae sahani, na chapati iwe moja mahali pa tatu.