Asili na Maana za Neno "Tyche" la Kiyunani

1.0 Utangulizi
Mfasiri anayekutana na nomino tyche katika matini za Kiyunani cha kale huvutwa kuiandika "bahati" pasipo kusita. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ulinganifu huo, ingawa una msingi, unaficha tofauti muhimu ya kidhana.

2.0 Asili na Maana
Nomino hii inahusiana na kitenzi tynchanein, ambacho katika tenzi za Homer huelezea mkuki au mshale unaompata mlengwa. Kitenzi hicho hubeba pia maana za kukutana na jambo, kulipata, na jambo kutukia. Hivyo tyche ni lile linalompata mtu, liwe jema au baya. Ili kubainisha, Wayunani waliongeza viambishi awali: eutychia ni heri, dystychia ni mkosi.

Katika karne ya 4 K.K., Aristotle aliipa dhana hii mipaka. Mtu huenda sokoni kwa shughuli nyingine, akakutana na mdeni wake, akalipwa. Hakuyaendea malipo hayo, lakini angalijua angaliyaendea. Hiyo ndiyo tyche. Jiwe likianguka na kumpiga mpita njia, hiyo ni automaton tu, kwani jiwe halina hiari.

Nje ya falsafa, Tyche aliabudiwa kama mungu wa kike, mlinzi wa miji kama Antiokia.

3.0 Tatizo la Ufasiri
"Bahati" inatokana na neno la Kiajemi bakht, ambalo mzizi wake ni wa kugawa. "Nasibu" ni la Kiarabu, nalo maana yake ya asili ni fungu. Kwa Wayunani, neno lenye asili ya fungu ni moira, yaani ajali aliyoandikiwa mtu. Kwa hiyo, kwa asili yake, "bahati" inakaribiana zaidi na moira kuliko na tyche. Ni kweli kwamba msemaji wa leo hausikii tena ugawaji huo. Lakini maneno mawili haya yanapokutana katika matini moja, "bahati" haitoshi kuyatenganisha.

4.0 Hitimisho
Kiswahili kina kitenzi kinachofuata njia ileile ya tynchanein: mshale umempata, amepata mali, amepatwa na msiba. Pale muktadha unaporuhusu, "yaliyompata" yatamkaribia Myunani kuliko "bahati yake".