Pensheni ya Marekani, Maisha ya Nyumbani: Kwa Nini Benki Inauliza Uraia Wako

Ukienda kufungua akaunti Nairobi au Dar es Salaam siku hizi, ndani ya fomu mara nyingi utakuta maswali haya: wewe ni raia wa Marekani? Ulizaliwa huko? Una kadi ya kijani? Una anwani au namba ya simu ya Marekani? Ukijibu ndiyo, huenda ukapewa fomu nyingine, W-9, uandike na namba yako ya Social Security. Ndugu zetu wengi waliorudi kustaafu hukasirika hapo, wakidhani karani anawachungulia mfuko. Karani hana hila yoyote. Anatimiza sheria iliyopitishwa Washington.

Mzizi wake ni wa zamani. Marekani ilianza kutoza kodi ya mapato wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, miaka ya 1860, na haikuwaacha nje raia wake walioishi ng'ambo. Mwaka 1924 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kesi ya George Cook, Mmarekani aliyekuwa akiishi Mexico: anadaiwa kodi hata kwa mapato aliyoyapata hukohuko Mexico. Tangu hapo kodi inafuata uraia, popote mtu alipo. Eritrea nayo hutoza raia wake walio nje, lakini nchi za namna hiyo ni chache mno. Mtoto wako aliyezaliwa Minneapolis mkahama naye angali mchanga, naye yumo. Boris Johnson, aliyezaliwa New York mwaka 1964, alidaiwa na Marekani kodi ya faida ya nyumba aliyouza London. Alilipa, kisha akaukana uraia huo mwaka 2016.

Benki ziliingizwa baadaye. Mwaka 2009 benki ya UBS ya Uswisi ilikubali kulipa dola milioni 780 kwa kuwasaidia Wamarekani kuficha fedha. Mwaka uliofuata Rais Obama alisaini sheria ya FATCA: benki ya nje isiyoripoti wateja wake Wamarekani inaweza kukatwa asilimia 30 ya malipo fulani yanayotoka Marekani. Walengwa walikuwa matajiri. Mzigo, kwa maoni yangu, umewaangukia wauguzi wastaafu na madereva wa malori, kwa sababu zipo benki zilizoona afadhali kumkataa mteja Mmarekani kuliko kubeba gharama za kumripoti.

Nawe binafsi una wajibu wako. Sheria ya mwaka 1970 inataka kila mwaka ujaze ripoti iitwayo FBAR iwapo jumla ya fedha katika akaunti zako zote za nje ya Marekani ilivuka dola 10,000, hata kwa siku moja tu. Tazama neno jumla. Ukiwa na 4,000 katika akaunti ya kawaida, 3,500 ya muda maalumu na 3,000 katika akaunti ya pamoja na mwenzi wako, umevuka. Wengi hawajui pia kwamba akaunti unayoweza kuiamuru kwa saini yako inahesabika hata kama fedha si zako. Mweka hazina wa chama ambaye ni raia wa Marekani huiripoti akaunti ya chama. Vivyo hivyo akaunti ya mama mzazi uliyoongezwa ili umsaidie kutoa fedha. Ripoti yenyewe haina malipo, hujazwa mtandaoni, na hupelekwa FinCEN, ofisi ya Wizara ya Fedha ya Marekani, si IRS, mamlaka ya kodi. Usiipuuze. Alexandru Bittner, raia wa Marekani aliyerudi kwao Romania, alitozwa faini ya dola milioni 2.72 kwa kuchelewa, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua mwaka 2023 kwamba faini ihesabiwe kwa kila ripoti, si kwa kila akaunti. Ikashuka hadi 50,000.

Upande wa pili, usifunge akaunti yako ya Marekani kabla ya kuondoka. Hakuna sheria inayomkataza raia aliye nje kuwa nayo, lakini benki nyingi hutaka anwani ya makazi nchini humo, na namba ya siri ya kuingilia hutumwa kwa simu ya hukohuko. Laini ikikatwa, umefungiwa nje ya fedha zako mwenyewe. Uliza mapema, kwa maandishi, kama wanahudumia wanaoishi ng'ambo.

Pensheni ya Social Security humfuata raia karibu kila nchi, isipokuwa chache kama Cuba na Korea Kaskazini. Anayeishi nje kwa kawaida hulipwa tarehe 3 ya mwezi. Asiye raia huweza kusimamishiwa malipo akikaa nje miezi 6 mfululizo, kutegemea uraia wake na miaka aliyofanya kazi. Hakuna nchi ya Afrika yenye mkataba na Marekani wa kuunganisha michango, hivyo miaka yako ya NSSF haitaziba pengo kama hukutimiza pointi 40, yaani takriban miaka 10 ya kazi. Afueni ipo moja: tangu sheria iliyosainiwa Januari 2025, pensheni ya nje haikupunguzii tena Social Security yako. Medicare, bima ya afya ya wazee, kwa kawaida haivuki mpaka.

Angalia posta. Wapokeaji wa Social Security walio nje hutumiwa fomu 7162 kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, kuthibitisha kwamba mpokeaji yu hai. Isiporudi, malipo husimama. Kama barua zako hupitia sanduku la shule au kanisa ambalo ufunguo wake anao mtu mwingine, usiisubiri; ichapishe kutoka tovuti ya Social Security.

Na kama mwenzi wako si raia wa Marekani, zungumzeni hili sasa, mngali wawili. Mjane Mkenya au Mtanzania anayeishi nyumbani kwa kawaida hatalipwa mafao ya marehemu ila awe aliwahi kuishi Marekani angalau miaka 5 akiwa mke wake. Nimeona familia zikilijua sharti hili baada ya matanga, wakati hakuna tena la kufanya.