Kabla ya Kuuza Chai na Kuhamia Mbali

Katika nchi ya chai kuna swali linalosikika sana pesa ya bonasi inapolipwa: je, si afadhali kuuza ekari hii moja na kwenda kununua ekari nyingi kule mbali, ambako watu ni wachache? Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Kericho ilikuwa na watu 370 katika kila kilomita mraba, na Bomet 346. Narok walikuwa 65, na Laikipia 54. Mzee aliyepata shamba katika mpango wa makazi wa Sotik katika miaka ya 1960, ambaye leo wana wake wanne wanaligawa, hahitaji kufafanuliwa maana ya tarakimu hizo.

Si kazi ya ukurasa huu kukuambia uhame au ukae. Lakini yafaa ujue jambo moja. Mahali penye watu wachache pana sababu ya kuwa na watu wachache, na mnunuzi mwenye akili huitafuta sababu hiyo kabla ya kuuliza bei. Sababu nyingine huondolewa kwa kazi ya mikono. Nyingine haziondoki hata ukilima mpaka uzeeni.

Tazama Chepalungu, maana ni karibu nasi. Zamani palikuwa msitu na vichaka vyenye mbung'o, kati ya nchi ya Wakipsigis na ya Wamasai. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vichaka vilifyekwa, watu wakapewa mashamba, na mbung'o wakarudi nyuma. Sababu ilikuwa mdudu na kichaka, na panga liliweza kuiondoa. Lakini hata huko, mtu wa Chebunyo atakuambia kwamba mvua si ile ya Kapkoros, na kufyeka hakukuleta mvua.

Sasa tazama Laikipia. Baada ya uhuru, makampuni ya kununua ardhi yalinunua ranchi kubwa na kuzigawa kwa wanahisa wao. Wengi walipata vipande vidogo mahali ambapo mvua haitoshi mahindi. Kericho hupata zaidi ya milimita 1,800 za mvua kwa mwaka; sehemu kubwa ya Laikipia haifiki 750. Basi wenye vipande vile wengi hawakuhamia kamwe, na mpaka leo kuna mashamba yenye hati lakini hayana nyumba. Ekari 5 za nchi kavu ni malisho ya ng'ombe wachache sana, wala si shamba la kulisha nyumba.

Kwa hiyo uliza maji kwanza. Tena usiulize kama “maji yapo”, kwa sababu muuzaji yeyote atasema yapo. Fanya hesabu. Nyumba ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, yataka lita 100. Ng'ombe watatu wakinywa lita 30 kila mmoja, ongeza 90. Jumla ni lita 190, karibu mitungi kumi ya lita 20, kila siku, Jumapili pia. Punda mmoja akibeba mitungi minne, ni safari tatu. Mto ukiwa umbali wa kilomita nne, kwenda na kurudi ni nane. Safari tatu ni kilomita 24. Nani atakayetembea mwendo huo? Kwa kawaida ni mama na watoto, na mtoto huyo ndiye uliyesema unamtafutia maisha mema. Ng'ombe waweza kupelekwa mtoni wenyewe, lakini ng'ombe wa maziwa akitembea kilomita nane kwa siku, maziwa hupungua.

Mabati yasaidia. Kila milimita moja ya mvua juu ya paa la mita mraba moja ni lita moja. Paa la mita mraba 50, mahali penye mvua ya milimita 600, hupokea lita 30,000 kwa mwaka. Ukitoa yanayomwagika, wapata kama 24,000. Hizo zatosha watu watano kwa siku 240, bila ng'ombe. Lakini lazima uwe na tangi la kuyahifadhi, maana kiangazi cha miezi mitatu peke yake hula lita 9,000. Basi bei ya tangi la lita 10,000 ni sehemu ya bei ya shamba. Iandike pamoja na bei ya ekari, isije ikakushtua baadaye.

Jambo la pili ni kwamba chai haihami nawe. Jani likichunwa lazima lifike kituoni na kiwandani siku ile ile. Bila barabara, lori na kiwanda ni jani tu. Mkulima wa chai amezoea kupata malipo kila mwezi hata yakiwa madogo, na bonasi mwishoni. Kule mbali utalima mahindi, nawe utaona pesa mara moja au mbili kwa mwaka, ikiwa utaziona. Mwaka wa 2011 ugonjwa mpya wa mahindi ulionekana Longisa, katika Bomet yetu hii. Mahindi yalikauka yangali mabichi, kisha ugonjwa ukaenea sehemu nyingi za Kenya. Mwenye chai na ng'ombe aliumia, lakini alipika. Asiyekuwa na kitu ila mahindi aliona ghala tupu.

Afya ya watu na ya mifugo isisahauliwe. Mtoto aliyezaliwa penye baridi ya Kericho hajazoea malaria, nayo humshika kwa nguvu zaidi akishuka nchi ya joto. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa ukoo wa Talai kutoka Kericho na kuwapeleka Gwassi, penye malaria na mbung'o, nao waliteseka sana. Wale hawakuulizwa. Wewe unajichagulia mwenyewe, basi uliza zahanati iko wapi, na mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku wa mvua atafikaje. Upande wa mifugo, uliza josho liko wapi, na ndigana na nagana zinaua ng'ombe wangapi kwa mwaka. Usimwulize dalali, waulize wachungaji.

Tena kuna majirani. Nyumbani una kokwet: ukiugua, mtu atakukamulia ng'ombe, mpaka ukigombaniwa, wazee watakaa. Penye nyumba moja kila kilomita mbili, msaada huo hauji upesi. Tena wewe ndiwe mgeni. Yafaa uende ukamsalimu chifu na wazee wa mahali, ujue njia za mifugo na maji ya pamoja kabla ya kujenga ua. Mwaka wa 1992 na wa 2008 watu wengi walionunua mashamba mbali na kwao walifukuzwa. Na tusiwatazame wengine tu: hata kwetu, Londiani na Kipkelion, walifukuzwa watu waliokuwa wamenunua kwa pesa zao.

Sasa tuje kwenye hati, na hapa yafaa twende polepole, maana hapa ndipo watu wetu wameumia kuliko penginepo. Katika Maasai Mau, watu wengi kutoka Kericho na Bomet walinunua ardhi kwa wenye ranchi za jamii zilizopakana na msitu. Wengine walikuwa wameuza mashamba nyumbani. Walilipa, wakapewa karatasi, wengine hati kamili, wakajenga nyumba na shule. Lakini wakati wa kugawa, baadhi ya ranchi zilikuwa zimevuka mpaka na kuingia msituni. Mwaka wa 2018, na tena mwaka wa 2019, Serikali iliwaondoa watu wale, ikisema kwamba hati za ndani ya msitu hazikuwa halali. Maelfu ya watu walitoka bila shamba la kule wala chai ya nyumbani. Sababu ya uchache wa watu pale ilikuwa msitu, na hiyo haiondolewi kwa panga.

Basi usiridhike na karatasi anayokuonyesha muuzaji. Nenda mwenyewe ofisi ya usajili wa ardhi inayohusika na mahali pale, ulipie karatasi rasmi inayoonyesha jina la mwenye shamba, ukubwa wake, na kama lina deni au zuio. Nunua ramani. Umlipe mpima ardhi aje akuonyeshe mawe ya mpaka kwa macho yako, na umwulize mbele ya mashahidi mpaka wa msitu uko wapi. Ikiwa ni ardhi ya jamii isiyogawanywa, ujue kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016 mtu mmoja hawezi kuiuza. Lazima theluthi mbili ya wanajamii walioandikishwa wakubali. Mzee mmoja mwenye muhuri si jamii.

Kwa maoni yetu, asiyelazimika asiuze kwanza. Kodi ekari mbili au tatu kule unakokutaka, ulime msimu mmoja, na kiangazi ukae huko wewe na mke wako, si kutuma kibarua. Kijana mwenye nguvu, asiye na watoto wa shule, anayejua ng'ombe, na ambaye chai ya baba bado iko nyuma yake, huyo aweza kwenda na akafanikiwa, wapo waliofanikiwa. Mzee wa miaka sitini mwenye ekari moja ya chai na wajukuu wa kulea yu katika hatari nyingine kabisa, hata akionyeshwa ekari 10.

Na ukikata shauri la kuuza, kumbuka kwamba shamba la mpango wa makazi lenye deni haliwezi kuhamishwa mpaka deni liishe na barua ya kuondoa deni itoke. Mke lazima akubali kwa maandishi kuuzwa kwa shamba la nyumba. Tena, kununua na kuuza shamba la kilimo hutaka kibali cha bodi ya ardhi ya mahali shamba lilipo, nayo maombi hupelekwa katika muda wa miezi sita tangu siku ya mapatano. Bila kibali hicho, kwa sheria mapatano ni bure, na kilichobaki ni kumdai muuzaji pesa zako. Kwa hiyo usimkabidhi pesa zote kabla bodi haijakaa.