Acha kuandika "uzoefu: sina"

Wengi tuliomaliza fomu foo tunajaza "uzoefu: sina". Si kweli jamani! Kama umeuza duka la mjomba miaka 2 na kufunga hesabu kila jioni, huo ni uzoefu. Uandike.

CV yako iwe kurasa 2 tu: simu inayopatikana, elimu, kazi ulizofanya, wadhamini. Una cheti cha VETA Mikumi? Kitangulize.

Ukiomba serikalini, Sekretarieti ya Ajira hutaka wadhamini watatu na vyeti kamili. Karatasi ya matokeo ya fomu foo haipokelewi. Kwa hiyo fuata cheti chako shuleni mapema, usingoje tangazo litoke.

Na anayekudai hela ili akupe kazi, huyo tapeli. Mkimbie!