Qailula na mashine ya kupumulia

Hapa Makutupora, jua likishapanda na upepo wa vumbi ukaanza kuvuma, wengi wetu hujinyoosha baada ya Adhuhuri. Qailula ni ada ya tangu zama za Maswahaba, Sahl bin Saad (r.a.) amepokewa akieleza kuwa siku ya Ijumaa hawakuwa wakilala mchana wala kula ila baada ya sala. Misikitini nako wako wazee wanaolala palepale mkekani, na wakikoroma vijana hucheka. Kicheko hicho hatukipendi.

Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Lakini mkoromo unaokatika ghafla, kikapita kimya, kisha mtu akashtuka kama aliyekabwa, huenda ukawa dalili ya maradhi ya kukatika pumzi usingizini. Koo hulegea na kuziba njia ya hewa kwa sekunde 10 au zaidi, na kwa wenye ugonjwa mkali hali hiyo hujirudia mara 30 au zaidi kwa saa moja. Shinikizo la damu hupanda, na mchana mtu husinzia hata akiwa ameshika usukani. Wa kwanza kuyajua ni mke au mume, kwani mgonjwa mwenyewe amelala.

Tiba mashuhuri ni mashine ya CPAP, ambayo Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliitangaza mwaka 1981. Husukuma hewa kwa barakoa ya puani ili koo lisizibe. Waliopewa mashine hii huivaa usiku, na mchana huiacha kabatini wakisema qailula ni nusu saa tu. Koo halitambui saa. Linalegea mchana kama linavyolegea usiku, na kinga ya barakoa huisha pale inapovuliwa. Basi ivaliwe katika kila usingizi, hata wa kochini. Na kama umeme umekatika na betri hakuna, kulala ubavu ni afadhali kuliko chali, ingawa si badala ya tiba.

Kwa vumbi letu, kichujio kikaguliwe mara kwa mara. Chombo cha unyevu kitiwe maji yaliyokenekwa, kwani maji yenye chumvi huacha ukoko mweupe, kama tuuonao ndani ya birika.

Ramadhani usingizi hukatwa vipande: baada ya Tarawehe, baada ya daku, na mchana. Barakoa ifuate kila kipande. Mwenye shaka juu ya mvuke na saumu amuulize mwanachuoni. Mashine nyingi hufanya kazi hata chombo cha maji kikiwa kitupu.

Na anayeitumia usiku kucha lakini mchana bado anazidiwa na usingizi, asijitibu kwa qailula ndefu. Arudi kwa daktari na mashine yake, itazamwe kama barakoa inavuja au nguvu ya hewa haitoshi.